Hakuna Tembo Aliyeteleza Mumosho

Ganda la mgomba lililobanduliwa sasa hivi lina harufu ya maji, chungu kidogo, kama tango lililokatwa na kuachwa juani. Harufu hiyo ndiyo ilikuwa puani mwangu siku uvumilivu uliponiishia. Binti yangu Ornella alikuwa amelikumbatia ganda lake kifuani kama mwanasesere, utomvu umeshamharibia gauni jeupe la kwenda misa, na mimi niliyelinunua gauni lile nilikuwa nacheka tu. Tulikuwa tumetoka Bukavu asubuhi kuja Mumosho, kwenye kilima cha koko wangu, bibi yangu mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu. Tangu vakansi, likizo ya shule, ianze nilikuwa nimemwahidi mtoto jambo moja: utateleza pale nilipoteleza mimi.

Tukakuta kamba. Kamba nyekundu ya nailoni, imefungwa kutoka mkaratusi huu hadi mkaratusi ule, imeuzunguka mutelezo wote, ule mfereji wa udongo tuliotelezea utotoni, juu hadi chini. Mbele yake kibao cha mbao: NJIA YA TEMBO WA ZAMANI. USIKANYAGE. Na kando ya kibao walisimama wageni wa kutoka mjini, simu zao juu, wakimsikiliza kijana mmoja mwenye kofia pana. Huyo ndiye gide wao, mtu wa kikundi kinachotembeza watu milimani siku za Jumapili. Jina lake Fiston. Alikuwa anaongea na sauti ya mtu wa radio.

"Munaona huu mufereji vile iko laini? Haiko mutu aliuchonga. Tembo njo balichonga. Zamani balikuwa banashuka kunywa maji kule Ruzizi, banafika hapa, banaona mulima iko mukali, banakaa chini, banateremuka."

Nilijizuia. Naapa nilijizuia. Nilimsogelea taratibu nikamwambia, "Ndugu, samahani, mutoto ateleze mara moja tu, kisha tunaenda." Alimwinamia Ornella, akamnyang'anya ganda, akalirusha kwenye miiba.

"Maman, hii iko urithi. Haiko kiwanja ya batoto bachafu."

Bachafu! Mtoto niliyemwogesha alfajiri na maji ya moto!

"Tembo gani?" nikamwuliza, na sauti yangu nadhani ilisikika hadi ng'ambo ya mto Ruzizi. "Weye uliona tembo anakaa chini? Huu mufereji njo sisi tuliuchonga! Na matako yetu! Mimi na batoto bote ba hapa, na bamama zetu mbele yetu!"

Simu zikashuka. Mama mmoja kati ya wageni aliziba mdomo na kitambaa, mabega yanamtikisika.

"Maman, tuheshimiane, kuko bageni," Fiston akasema.

"Bageni basikie! Njo ile ninataka!"

Ornella alikuwa ananivuta kikwembe nilichojifunga kiunoni. "Maman, umesema matako."

"Nimesema. Leo tu."

Sasa ngojeni niwaeleze nyinyi mnaonisoma jinsi mfereji ule ulivyochongwa, maana Fiston hakumwuliza mtu yeyote wa kilima kile.

Kila kiangazi, shule zikifungwa, mama yangu alitufungia nguo za zamani katika mfuko mmoja na kututuma kutoka Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, hadi kwa Koko. Nyumba ya Koko ilikaa chini ya kilima. Mashamba yake yalikuwa juu kabisa, kwa sababu huko chini udongo umeshagawanywa na kugawanywa hata umebaki wa kupanda mboga za supu tu. Na kilima chenyewe ni kikali: ukipanda, magoti yanakaribia kukugonga kidevu. Mutelezo ulianzia mashambani huko juu, ukapinda mara moja kwenye jiwe kubwa, kisha ukashuka moja kwa moja hadi nyuma ya jiko la Koko. Udongo wake ulikuwa mwekundu, umelainika na kung'aa kama chungu cha zamani kwa ndani. Ukiupitishia kiganja, haukukwaruzi.

Kuteleza kuna ufundi wake. Ganda linatolewa kwenye mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, si mgomba wowote. Mgongo wa ganda unakaa chini, wewe unaingia ndani yake kama ndani ya mtumbwi, unakunja ncha ya mbele na kuishika na mikono miwili, miguu ndani. Miguu ndani! Aliyetoa kisigino nje ili apunguze mwendo aliitwa Breki mpaka jioni, na binamu yangu Bahati, aliyeogopa lile jiwe la kwenye kona, aliitwa Breki hata na watu wazima. Siku hizi ni baba wa watoto wanne, ana ndevu, na mimi bado namwita Breki.

Halafu kulikuwa na sheria ya maji. Yeyote aliyepanda alipaswa kubeba kibidoni cha maji kutoka chemchemi na kuyamwaga kidogo kidogo njiani, zaidi kwenye kona. Sheria hiyo hatukuitunga sisi, ilitoka kwa Koko. Ukipanda mikono mitupu, ulimsikia kutoka jikoni, bila hata kutoka nje: "Nani huyo anapanda kama mugeni?"

Basi tuliteleza. Ukungu wa asubuhi ukiwa bado umelala bondeni, sisi tulikuwa tayari juu, tunatetemeka na baridi, meno yanagongana. Ulikaa kwenye ganda, mwenzako akakusukuma mgongoni, na kilima chote kikakujia usoni: mikaratusi, jiwe, moshi wa jiko la Koko, na huko mbali Ruzizi imejikunja nyeupe kati ya miamba, na milima ya Rwanda nyuma yake. Tumbo lilibaki juu, wewe ukafika chini. Chini kulikuwa na lundo la majani makavu ya maharagwe, yale yanayobaki maharagwe yakishapigwa, na ndani ya lundo hilo ndimo tulimosimama, tukitema majani na kupiga chafya.

Tukichoka tulitawanyika kilimani. Kulikuwa na matunda madogo mekundu ya vichaka vya miiba, matamu, yanayokuacha mikono imechanwa kama umepigana na paka. Kulikuwa na maua ya kunyonya, unachomoa ua, unanyonya mkiani tone moja la asali, unalitupa, unachukua lingine. Kulikuwa na wachunga ng'ombe kwenye kilima cha pili tuliowapigia kelele, nao wakatujibu kwa matusi ya kirafiki ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kuna watu leo wanalipa waonyeshwe mambo hayo. Sisi yalikuwa yetu bure, na kila siku.

Lakini ajabu ilikuwa Koko mwenyewe. Watoto wote ninaowajua waligombezwa kwa sababu ya kucheza. Sisi tuligombezwa kwa sababu ya kutocheza. Akitukuta tumekaa ukutani tunaota jua, alitoka na mwiko mkononi.

"Muko bagonjwa? Jua imetoka, na muko tu munakaa kama bazee ba mukutano! Muende muteleze! Mumekuja hapa kulala?"

Na jioni kulikuwa na ukaguzi. Tulijipanga mbele ya jiko, tukageuka, tukamwonyesha Koko nyuma zetu. Aliinama, akatazama kila kaptula na kila sketi kwenye mwanga wa moto, kwa makini, kama daktari. Aliyechafuka sana alipewa kiazi kitamu kikubwa, kile cha katikati ya majivu, kilichovuja sukari. Aliyekuwa safi alipewa kadogo.

"Koko, mimi nilikuwa kichwa inaniuma," Bahati alijitetea siku moja.

"Pole, mutoto yangu. Kichwa njo ilikuwa inauma. Matako ilikuwa na nini?"

Tukirudi Kadutu, mama yangu aliinua nguo zetu dirishani na kuona mtaa mzima kupitia matundu. "Hii kaptula ilikuliwa na nini? Panya ya Mumosho?" Tulimjibu, "Koko njo alisema." Basi mama alitafuta sindano, akaanza kutia viraka. Sikuwahi kumsikia akiongeza neno. Nilidhani anamwogopa mama yake.

Maharagwe yakikomaa, mambo yalibadilika. Wanawake wa kilima walipanda juu alfajiri, wakayang'oa na mizizi yake, wakayaacha jua liyakaushe, kisha wakayafunga mafungu makubwa. Kila fungu waliliweka juu ya maganda ya mgomba, palepale petu, na mmoja wao aliita kutoka juu: "Ooo!" Wa chini akajibu, "Lete!" Fungu likaachiwa. Lilishuka lenyewe, shwaaa, likapinda kwenye jiwe vizuri kuliko Bahati, likazama ndani ya lundo la majani. Kazi yetu ilikuwa kulivuta pembeni haraka kabla la pili halijafika. Kuni zilishuka vilevile, na mihogo ndani ya magunia.

Sisi watoto tulinuna. Niwaambie ukweli, tulikasirika sana. Tuliona wametunyang'anya mutelezo wetu. Tulikaa kwenye lundo tukihesabu mafungu yaliyobaki kwa macho na kunong'ona: hawa wamama watamaliza lini waturudishie kitu chetu?

Fungu la mwisho la mavuno halikushuka peke yake. Ndivyo walivyozoea kilimani kwetu: mwanamke mkubwa kuliko wote anakaa juu yake na kushuka nalo, na wengine wanamfuata mmoja mmoja, kila mtu na ganda lake. Mwaka ninaokumbuka vizuri, mkubwa alikuwa Koko. Tulibeba maji hadi mikono ikafa ganzi. Tulimwaga mpaka udongo ukameta. Huko juu wanawake walikuwa wanakaza vikwembe kiunoni, wanasukumana, wanacheka kama wasichana waliotoroka darasani. Mmoja akasema, "Mama, utavunjika!" Koko akamjibu, "Nikivunjika, weye utapika."

Akanitazama mimi niliyesimama na kibidoni kitupu. "Njoo."

Alinipakata mbele yake, juu ya fungu. Mikono yake ilikuwa na harufu ya moshi na utomvu, na kifua chake kilikuwa kinapiga haraka mgongoni mwangu, nikashangaa kwamba hata Koko anaogopa. "Shika," aliniambia sikioni. Wakatusukuma.

Sikuwahi kusikia Koko akipiga kelele kabla ya siku hiyo. Alipiga kelele kutoka juu hadi chini bila kuvuta pumzi. Kitambaa chake cha kichwa kiliruka na kubaki kwenye kichaka. Kwenye kona tuliinuka upande mmoja, nikaona jiwe, nikaona mbingu, kisha tukaingia kwenye lundo puu! na majani yakatufunika wote wawili. Nilipotoa kichwa, Koko alikuwa amekaa ameinyoosha miguu, nywele nyeupe zote nje, anacheka mpaka machozi. Akashika nyuma ya shingo yake, akaikanda taratibu.

"Shingo yangu iko muzima," akasema. "Huu mwaka tena, shingo iko muzima."

Nilifikiri anamshukuru Mungu kwamba hatukugonga jiwe. Nilifikiri hivyo miaka yote, nimesoma, nimepata diploma ya sekondari, nimeolewa, nimezaa, na bado nilifikiri hivyo.

Mpaka Jumapili ile ya kamba. Baada ya kumaliza kupiga kelele, nilimshika Ornella mkono tukashuka kwa njia ndefu, ile inayozunguka mlima, kwenda kumsalimu mke wa mjomba wangu. Tunamwita Maman Nabintu, na ndiye anayekaa sasa katika nyumba ya Koko. Tulimkuta njiani. Alikuwa anashuka na fungu la maharagwe mgongoni, limeshikiliwa na kamba iliyopita kwenye paji la uso, shingo imekaza, macho yanatazama vidole vya miguu. Nilimsaidia kulitua. Kamba ilipotoka, ilimwachia mstari kwenye paji, umezama kama umechorwa na kisu.

"Maman, juu ya nini unabeba? Mutelezo iko pale!"

"Mutelezo ya bageni?" akasema, akajigusa ule mstari. "Tangu baweke ile kamba, mizigo yote inapitia hapa. Niliomba yule kijana anifungulie siku ya mavuno tu. Aliniambia nitaharibu nyayo za tembo."

"Unamuacha tu?"

"Nifanye nini? Na hata akifungua leo, majani imeanza kuota ndani. Udongo imepasuka. Batoto habatelezi tena." Akamtazama Ornella, gauni lake lenye madoa, akatabasamu. "Mama mukwe alikuwa anasema, mutoto akiteleza kila siku, udongo inakuwa kama sabuni. Udongo ikiwa kama sabuni, shingo ya mama inapona. Njo maana alikuwa anabapa viazi. Kwani mulifikiri ni nini? Mulikuwa bafanyakazi yake, bote!"

Nilikaa chini palepale njiani, juu ya fungu lake.

Kumbe. Yale maji ya kubeba. Ule mwiko. Ule ukaguzi wa nyuma zetu kwenye mwanga wa moto. Kiangazi chote tulikuwa tunamsugulia Koko barabara yake, tukidhani tunakula raha, na wakati wa mavuno tulinuna kwamba wanawake wametunyang'anya kitu chetu. Chao, tangu mwanzo! Mama yangu aliyetia viraka kimya alilijua hilo, naye utotoni alikuwa ameshatoboa nguo zake pale. Nilianza kucheka. Maman Nabintu akacheka. Ornella, asiyejua tunacheka nini, alicheka kuliko sisi. Sijui kama kuna mtoto aliyewahi kufanyishwa kazi kwa furaha kama ile. Ningekuwa na uwezo, ningerudi kesho kumfanyia Koko kazi tena, kwa malipo yaleyale.

Lakini kucheka hakukunitoa hasira. Kulinipa sababu. Kabla ya hapo nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya gauni na neno "bachafu". Sasa nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya shingo ya mtu.

Jumatatu sikurudi Bukavu. Nilikwenda kwenye biro ya groupement, kwa chifu wa vijiji vyetu, nikamkuta sekretere peke yake, anakunywa chai.

"Malalamiko ya nini, maman? Shamba, ndoa, ao wizi?"

"Njia."

"Ya njia hatuna."

"Hamuna kwa sababu imefungwa na kamba. Nipe karatasi."

Alinitazama, akanipa karatasi, akanimiminia chai na kunisogezea sukari. Hiki ndicho nilichoandika, na nakala yake iliyogongwa muhuri ninayo.

*Kwa Mheshimiwa Chifu wa Groupement.*

*Kuhusu: kufungwa kwa mutelezo wa kilima chetu.*

*Mheshimiwa,*

*Mimi ni mjukuu wa kilima hiki, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Kadutu. Ninalalamika juu ya kikundi cha kutembeza wageni kilichofunga mutelezo wetu kwa kamba bila kuuliza wanawake wanaoutumia. Mutelezo huo si wa wanyama. Ni njia ya kushushia mavuno, kuni na mihogo, na watoto wetu ndio wanaoutengeneza kwa kuteleza na kumwagia maji. Watoto wakikatazwa, njia inakufa. Njia ikifa, mizigo inarudi kwenye vichwa vya mama zetu. Ukitaka ushahidi, mwite Maman Nabintu, umtazame paji la uso.*

*Binti yangu alinyang'anywa ganda lake na kuitwa mchafu mbele ya watu. Ninaomba aombwe msamaha yeye, si mimi, kwa sababu mimi nilikwisha kujibu, na kwa lugha niliyoitumia niko tayari kuitikia nikiitwa.*

*Wageni hatuwafukuzi. Waje, waone. Wakitaka, nao wateleze, maganda yako mengi, lakini maji watabeba kama kila mtu.*

*Ninaomba kamba ifunguliwe wiki hii. Siwezi kusubiri kikao cha mwezi ujao. Maharagwe yamekwisha kung'olewa, yamelala juu ya kilima, na jua limeanza kuyapasua. Punje zinamwagika chini.*